Misalaba ku foto ya chemin de fer

Ba-amis, musikie hii.

Asubui nilikuwa nascanner foto ya zamani ya kambo yangu, baba ya mama: bantu batano ba kazi ya chemin de fer, ya reli, ye mwenyewe ndani, mbele ya locomotive.

Kila mwenye anakufa, kambo anamuwekaka musalaba na kalamu ya bic juu ya kichwa.

Bane balikuwa nayo. Kambo tu hapana.

Logiciel ya scanner ikafuta misalaba yote, eti ni buchafu 😅

Nikaituma mu groupe ya famille.

Kambo akanikasirikia: "Bale balikufa! Imprimer, nirudishe misalaba yabo."

Nika-imprimer, nikamupelekea. Akaweka moja, mbili, tatu, ine.

Akaweka ya tano.

"Kambo, uyu ni weye!"

"Najua."

Akafunga bic, akaomba chai.

Sasa ile foto ya misalaba tano niliirudisha mu scanner. Bouton ya kufuta iko pale.

Mungekuwa miye, mungefinya?