Chaki Nyekundu ya Shangazi

"Shangazi, ukigonga ukuta unasikia nini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, tukiwa wageni kwenye nyumba ya watu, huku natamani ardhi ipasuke nijifiche. Tulikwenda kuwapongeza majirani waliohamia nyumba mpya. Wenzetu walikuwa wanasifia mapazia. Shangazi alikuwa kwenye kona ya sebule, sikio limekaribia ukuta, anagonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Anasogea kidogo, anagonga tena. Mama mwenye nyumba alishika trei ya soda asijue aiweke wapi.

"Kunywa soda yako," Shangazi alinijibu.

Sikupata jibu lingine siku ile, na kwa kweli sikulipata kwa miaka mingi.

Shangazi ni mkaguzi wa majengo wa halmashauri yetu. Ni dada mkubwa wa Baba, na tunaishi naye nyumba moja pamoja na Bibi, mama yao. Sijawahi kumwona amekaa kitako akamaliza sahani ya chakula. Anakula amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mabuti yake yamejaa vumbi la saruji. Bibi husema alimzaa akiwa tayari amevaa viatu.

Kazi yake alinieleza mara moja, kwa haraka, huku anafunga kamba za mabuti. Jengo linashikiliwa na nondo, zile fimbo za chuma. Nondo zinafungwa pamoja kwa ringi, vyuma vyembamba vilivyokunjwa mraba. Halafu zinamwagiwa zege. Zege likishakauka, basi, hakuna anayejua tena ndani kuna nini. Fundi akiweka chuma kidogo, zege linamfichia siri. Kwa hiyo kabla zege halijamwagwa, lazima yeye afike aone kwa macho yake. Akiridhika, anatoa chaki nyekundu kwenye kikasha cha zamani cha miwani, anachora alama ya vema kwenye mbao zinazoshika zege. Bila ile vema, hata ndoo moja haimwagwi. Mafundi wote wa halmashauri wanajua hivyo. Hata Mwenyekiti wa halmashauri anajua, ingawa hapendi.

Sasa, ukaja mwaka wa barakoa.

Shule zilifungwa. Ofisi zilifungwa. Watu walisalimiana kwa viwiko kama kuku wanaopigana. Halmashauri ikatangaza kwamba shule yetu haitafunguliwa mpaka yapatikane madarasa ya kutosha wanafunzi kukaa mbalimbali, na ujenzi ukaanza mbio mbio, jengo la ghorofa moja, upande wa pili wa barabara, mkabala na geti letu. Nilikuwa naliona kila asubuhi nikipiga mswaki. Darasa la chini lenye boriti kubwa inayobeba sakafu ya juu lilikuwa limepangiwa darasa letu. Hilo nililijua, na Shangazi alilijua vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba wakaguzi waliambiwa wabaki nyumbani. Watu kadhaa ofisini kwao walikuwa wameshaugua. Wakaambiwa wakague kwa simu. Na hata wasingeambiwa, Baba alishaweka sheria yake, kwa sababu kifua cha Bibi kilikuwa hakivumilii hata moshi wa mshumaa.

"Dada, ukiuleta huo ugonjwa humu ndani, Mama hatoki nao salama," alisema.

"Najua."

"Basi kaa."

Akakaa. Yaani, hakukaa. Alizunguka. Kutoka jikoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi dirishani, anachungulia ng'ambo ya barabara, anarudi, anagonga ukuta wa kwetu. Ko, ko. Na kila akigonga, Bibi kule chumbani anaitika, "Karibu, ingia!"

"Ni mimi, mama."

"Sasa wewe si umo ndani? Unabisha hodi ya nini?"

Msimamizi wa mafundi pale shuleni tulimwita Mzee Tayari, kwa sababu lolote utakalomuuliza, jibu lake ni hilo. Alikuja getini amevaa barakoa iliyomfunika kidevu tu. Shangazi aliweka kikasha cha miwani juu ya ukuta wa geti, akakipulizia kitakasa mikono mpaka kikachuruzika, akarudi nyuma.

"Chaki hiyo. Utanionyesha kila kitu kwa simu. Nikisema vema, unachora. Nisiposema, huchori."

"Tayari, mama."

"Na hiyo barakoa ipandishe. Hukohoi kwa kidevu."

Niliona jinsi alivyokitazama kile kikasha kikienda zake mfukoni mwa mtu mwingine. Alikitazama kama mzazi anayempandisha mtoto gari la shule siku ya kwanza.

Ukaguzi wa simu ulikuwa sinema. Mimi na Bibi tulivuta viti kusikiliza.

"Sogeza simu chini. Hapana, chini. Sasa unanionyesha mawingu, mimi sikagui mawingu."

"Tayari, mama."

"Tayari nini, naona kiatu chako! Zile ringi, weka futi katikati yake nione nafasi. Haya. Nyingine. Nyingine. Hii si ile ya mwanzo?"

"Ni nyingine, mama, haki ya nani."

"Rudi ulikotoka, nione ukitembea."

Bibi alicheka mpaka akashika kifua, na sisi sote tukaacha kucheka kumwangalia. Siku hizo ilikuwa hivyo, kicheko kinakatika katikati.

Msingi ulipita hivyo. Nguzo nazo zikapita. Ikaja siku ya boriti kubwa.

Asubuhi ile mtandao uligoma. Shangazi aliona kipande cha kwanza cha boriti, akasema endelea, halafu picha ikaganda kwenye pua ya Mzee Tayari. Akapiga tena. Ikaita, ikakata. Akapanda kwenye kiti. Akatoka uani, akainua simu juu kama anaanika nguo. Akanituma chumba hadi chumba na simu ya Baba. Dirishani tuliona mafundi wakipita na ndoo, lakini mbao zilizozungushiwa ujenzi zilituzuia kuona wanamwaga wapi. Alipiga kelele kutoka getini, na mashine ya kuchanganyia zege ikamzidi sauti.

Alasiri simu ikalia.

"Tayari, mama. Tumeshamwaga."

Shangazi alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani polepole sana.

"Mmemwaga nini?"

"Boriti, mama. Zege lilikuwa limeshachanganywa, linaanza kukaza, na watu wanatakiwa majumbani kabla jua halijazama. Nimekupigia hupatikani."

"Na vema?"



"Nilichora mwenyewe. Nilijua ungesema vema."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alikata simu, akasimama dirishani, na nilipomletea chai akasema tu, kama anajisemea, "Chaki nilimpa mimi."

Wiki zilizofuata nyumba yetu haikuwa na amani. Mwenyekiti alipiga simu na sauti ya sherehe: jengo limekwisha, wazazi wanalia shule ifunguliwe, imebaki saini ya mkaguzi. Shangazi akasema bado. Mwenyekiti akapiga tena kesho yake, sherehe imepungua. Bado. Baba alijaribu kumtuliza.

"Dada, huyu mzee umefanya naye kazi miaka. Amewahi kukuibia chuma?"

"Hajawahi."

"Sasa?"

"Sasa sijui."

"Hujui nini?"

"Ndiyo hiyo. Sijui." Akagonga ukuta.

"Karibu, ingia!" akaitika Bibi, kisha akaja mwenyewe hadi mlangoni, kanga begani, anashikilia fremu. "Mwanangu, umenichosha. Siku nzima unabisha hodi kwenye nyumba ambayo haina kosa. Nenda kabishe huko kwenye kosa."

"Mama, kifua chako..."

"Kifua changu ni changu. Utalala chumba cha nyuma, chakula tutakuwekea mlangoni, salamu dirishani. Mimi na mke mwenzangu tutakutazama." Mke mwenza ni mimi, ndivyo Bibi anavyoniita.

Baba alitoka nje. Alipinga kwa kubamiza mlango.

Shangazi alikwenda kesho yake. Nilisimama kwenye uzio wa shule pamoja na nusu ya mtaa, maana habari ilikuwa imeshaenea kwamba mkaguzi anataka boriti ivunjwe ionekane ndani. Wazazi walikuwa wamechemka. "Watoto wamekaa nyumbani mpaka wamesahau kusoma, yeye anabomoa!" Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Mama Bomoa!" na jina likashika hapohapo, kama linavyoshika jina baya lolote.

Mzee Tayari alikuwa amesimama chini ya boriti, safari hii barakoa imefunika mdomo na pua. Shangazi akaonyesha mahali.

"Hapa."

Kijana mmoja wa mafundi akachukua nyundo na tindo. Mzee Tayari akamnyang'anya. "Kama ni kuvunjwa, naivunja mwenyewe."

Akapanda ngazi, akaanza. Vipande vya zege vikawa vinadondoka, vumbi likamjaa kwenye nyusi. Nilishika waya wa uzio mpaka ukanichora viganjani. Sijui nilikuwa naomba nini. Nikiomba boriti iwe nzima, Shangazi anaaibika. Nikiomba iwe mbovu, basi tulikuwa tumepangiwa kukaa chini ya kifo. Nilibadilisha dua kila nyundo ilipopiga.

Chuma kikatokea. Nondo zote zipo, ringi zimebanana, nafasi sawasawa, kama mshono wa cherehani.

Watu wakaguna. Shangazi hakugeuka. "Na pale, karibu na nguzo."

"Mama..." Mwenyekiti alianza.

"Na pale."

Mzee Tayari akahamisha ngazi. Akavunja tena. Pale pia, safi. Mtu akacheka kwa nguvu, na wengine wakafuata. Mzee Tayari peke yake hakucheka. Alishuka, akajipangusa, akatoa kikasha cha miwani mfukoni.

"Vema?" akauliza.

"Vema."

"Chukua chaki yako, mama. Ungeniamini tu, kingeharibika nini?"

"Ingekuwa mbaya," Shangazi alisema, "ningejua siku gani? Siku hao wamo ndani?" Akanyoosha kidole kwetu tuliokuwa kwenye uzio.

Mzee aliinama akaokota tindo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na tayari.

Shangazi alitia saini siku hiyohiyo, kwa sharti kwamba yale matundu yazibwe vizuri na zege lipewe muda wa kukomaa. Ule muda ndio uliotuponza. Shule ilipofunguliwa, darasa letu likasoma zamu ya mchana chini ya turubai, joto linatuchemsha kama maharage. "Mshukuruni shangazi yake," wenzangu walisema, wananielekezea vichwa. Mwenyekiti naye akamhamishia kwa muda idara ya vifaa, kukagua viti na makabati ya ofisi. Nadhani aliyagonga na yale.

Lakini kabla ya hayo yote, Shangazi alikaa chumba cha nyuma mpaka ilipothibitika hana ugonjwa. Tulimsalimia dirishani. Siku moja Bibi akaanza kukohoa, akakohoa tena, nyumba nzima ikaganda. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kioo, viganja vyote viwili vimebandikwa hapo, rangi imemtoka. Baba alimwangalia kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Kumbe ni pilipili niliyoiunguza jikoni. Lakini kabla hatujajua ni pilipili, nilimwona Shangazi akiegemeza paji la uso kwenye kioo, na nikafikiri: huyu hana mahali pa kukaa duniani, akienda ana kosa, asipokwenda ana kosa.

Nilisoma chini ya ile boriti hadi nilipomaliza shule ya msingi. Yale matundu yaliyozibwa yana rangi tofauti, mabaka mawili kama viraka kwenye suruali. Kwenye kipindi cha hesabu nilikuwa nayatazama zaidi ya ubao. Siku nyingine niliona Shangazi alikuwa sahihi. Siku nyingine niliona alimdhalilisha mtu mwema mbele ya mtaa mzima bure. Mpaka leo nabadilika kutegemea nimeamkaje.

Yeye na Mzee Tayari walifanya kazi pamoja tena aliporudishwa kwenye ukaguzi, lakini kwa salamu fupi. Kisha mwaka huu, mimi nikiwa kidato cha tatu, miguu ya Bibi ikakataa ngazi za nyumbani, na Baba akaamua kumwongezea chumba upande wa uani. Akauliza tumwite fundi gani.

"Mzee Tayari," Shangazi akasema. "Akikataa, tusijenge."

Alikuja. Nilimfungulia geti mwenyewe. "Mkaguzi yupo?" aliuliza. Nikamwambia yupo kazini. "Tayari," akasema, akaanza kupima.

Jumamosi iliyopita kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Mzee Tayari alikuwa juu ya ngazi, ametupa mgongo, anapanga tofali. Shangazi akaingia kutoka kazini, mkoba bado begani, mabuti yana vumbi, na bila kumsalimia mtu akaenda moja kwa moja kwenye ukuta mpya. Ko, ko, ko.

"Nimesikia, mama!" Mzee Tayari akaitika kutoka juu, bila kugeuka. Lile tofali alilokwisha kuliweka akalinyanyua, akaongeza udongo wa saruji, akaliweka upya.

"Karibu, ingia!" Bibi naye akaitika kutoka ndani.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikakumbuka sebule ya watu na trei ya soda, nikamsogelea.

"Shangazi, ukigonga ukuta unasikia nini?"

Aliangalia juu ya ngazi, akapunguza sauti.

"Mara nyingi sisikii kitu, mwanangu. Nagonga ili yeye anisikie."