Hapana Aliyemuuliza Anataka Nini

Jumatatu nilikuwa kwenye dirisha la tiketi la sinema moja hapa mjini, akaja bibi wa makamo, kavaa buibui, uso umemkunjamana. Jana yake, katika onyesho la wanawake, aliiona ile filamu ya Kijapani ya mke aliyekufa anayerudi kukaa kimya mbele ya kioo, mpaka mumewe anaingiwa na wazimu.

"Shikamoo, Bi," alisema muuza tiketi.

"Marahaba. Ile filamu mmeikata?"

"Hatukuikata. Ndivyo inavyokwisha."

"Haiwezekani!" Akaupigapiga ubao kwa kidole. "Yule pepo hapana aliyemfukizia ubani, hapana aliyemuuliza jina lake nani na anataka nini. Sasa ataondokaje?"

Muuza tiketi akanitazama mimi. Nami, niliyeisifu barazani wiki nzima kwa vivuli vyake na ukimya wake, nikatoa pesa nikanunua tiketi ya jioni.

Jioni nikaingia kuitazama tena. Hata sasa sijui kama mke karudi kweli au ni kichwa cha mume tu. Lakini mwishoni yule mke anageuka, anatutazama sisi, mdomo wazi kidogo. Mara ya kwanza nilidhani anatutisha. Safari hii nilimwona kama mtu anayengoja kuulizwa.

Nikajikuta nanong'ona, "Unataka nini, bibi?"

Bwana aliyekaa ubavuni kwangu alinitazama, akanyanyuka, akahamia kiti cha mbali. Naye hakuniuliza nina nini.