Lebo Haina Mshikio

Watu walimwita Mama Turubai, kwa kuwa alishona mikoba ya mafundi, ile ya kubebea nyundo na misumari, na cherehani yake haikuijua hariri. Asubuhi hiyo shemeji yake, anayemtafutia wateja, aliingia na bunda la lebo.

"Soma, shemeji: heavy-duty! Shonea kwenye mikoba yote arobaini. Msimamizi wa ujenzi anaitaka kesho saa nne. Akiridhika, kazi ya mwaka mzima ni yetu."

"Maana yake?"

Binti yake aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Hevi-duti, mama. Kitu kilichoundwa kuhimili kazi nzito, siku nenda siku rudi."

"Kumbe ni ahadi."

Kwake, mkoba haukuwa mkoba mpaka utundikwe. Alitundika mmoja kwenye ndoano ya dari, akapakia matofali. La sita lilipoingia, mshikio ulikatika, yakamwagika sakafuni. Kwa kuharakishwa na shemeji, safari hii alikuwa ameipiga mishikio mshono mmoja tu.

"Nani atabeba matofali, jamani?" shemeji alilalamika. "Lebo inauza yenyewe!"

"Lebo haina mshikio. Mkoba ukikatika fundi akiwa juu ya ngazi, nyundo itamwangukia aliye chini. Utamwonyesha lebo?"

Dunia imejaa maneno makubwa yaliyoshonewa kwenye vitu dhaifu. Hakutaka kuongeza la kwake.

"Shika wembe ufumue," alisema, "au kapige soga nje."

Shemeji alishika wembe. "Kaka yangu alioa mkaidi!"

"Ndiyo maana paa lake halivuji."

Kila mshikio aliushona upya: mraba, na msalaba katikati. Kisha ndoano, kisha matofali, ndipo lebo. Kesho yake saa nne, walipofika kwenye ujenzi, mikoba iliyofaulu jaribio ilikuwa thelathini na mmoja.

"Nilisema arobaini," msimamizi alikunja uso. Shemeji alitazama viatu vyake.

"Tisa bado haijastahili lebo," alijibu Mama Turubai.

Msimamizi alijaza nyundo mkoba mmoja, akautundika kwenye bomba la jukwaa la kupandia mafundi, kisha akaudandia mwenyewe, miguu ikaning'inia hewani. Mafundi wakaangua kicheko. Mshikio ulitulia tuli.

"Hiyo tisa lini?" aliuliza, angali amening'inia.

"Keshokutwa. Ikishabeba matofali."

"Basi ukiimaliza, anza kazi ya mwaka mzima."