Kiunzi cha Saba

Kabla sijaenda chuo cha ualimu sikuwa nimeona kiunzi hata kimoja. Kwetu Kulesa nilikimbia mbio ndefu za shule, miguu mitupu, wala sikuwahi kufika wa kwanza. Wiki ya pili chuoni, mwalimu wa michezo aliniona nikiruka benchi la bwaloni kuwahi foleni ya chai.

"Rudia," alisema.

Nilidhani naadhibiwa. Nikaruka mara sita, naye akiitazama miguu tu, kisha akasema nitakimbia mita mia nne kuruka viunzi.

Seremala wa chuo ndiye aliyetutengenezea viunzi, vizito, visivyoanguka ukivigonga. Makovu ya goti ninayo mpaka leo. Nilijifunza kuhesabu hatua kumi na saba kati ya kiunzi na kiunzi, na mashindano ya vyuo yalipofika nikashinda mchujo bila kuelewa nimeshindaje.

Kwenye fainali niliongoza tangu kona ya mwisho. Spika ikatangaza jina langu, wenzangu wakanibeba juu juu. Nikampigia mama simu palepale. Sijakata, mwalimu akaja, uso umemshuka.

"Wamekufuta."

"Kwa nini?"

"Mwamuzi wa kona anasema kiunzi cha saba mguu wako wa nyuma ulipita kando, haukupita juu."

Nilijaribu kukumbuka. Cha sita nilikiona, cha nane pia. Cha saba hakikuwepo kabisa kichwani.

Msichana aliyefika wa pili, sasa bingwa, alikuwa amekimbia njia ya kushoto kwangu, nyuma kidogo. Alinijia na medali shingoni, akaninong'oneza, "Dada, mguu ulipita juu. Nilikuona." Halafu akaenda kupigwa picha. Sikujua nimshukuru au nimkasirikie. Kama aliona, mbona hakumwambia mwamuzi? Na kama ananifariji tu, nani alimwomba?

Nyumbani, mama alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani.

"Sasa ulishinda au hukushinda?"

"Nilifika wa kwanza, ila sikushinda."

"Hicho ni Kiswahili gani, mwanangu?"

Mwaka uliofuata niliapa kurudi. Lakini mchujo wa timu ya chuo ulipokaribia nilikuwa likizoni, Mto Tana ukafurika, barabara ikakatika, nikabaki Kulesa nikisaidia kuhamisha mahindi. Maji yalipopungua timu ilikuwa imeshateuliwa. Nikahitimu. Mbio zangu zikaisha hivyo, bila mtu kuniambia zimeisha.

Sasa nafundisha Garsen. Mwaka jana tulikuwa na semina ya walimu Hola, na aliyenikumbatia mlangoni alikuwa yule yule bingwa. Wakati wa chai nikamuuliza juu ya maneno yake.

"Mimi? Nilikuambia hivyo?"

"Ndiyo, medali ukiwa nayo shingoni."

"Mimi nakumbuka uligonga kiunzi kikaanguka."

Hakuna kiunzi kilichoanguka. Au kilianguka? Sikumbishia. Akanionyesha picha za watoto wake kwenye simu, nami nikazisifu.

Niliporudi, mwalimu mkuu alinipa fomu ya walimu wa michezo, yenye nafasi ya kuandika ushindi wangu mkubwa. Nilikaa nayo siku mbili, nikairudisha na nafasi ile ikiwa tupu.

"Hapa umesahau, mwalimu," akasema.

"Sikusahau," nikamjibu. "Sijui niandike nini."