Jino langu, msemaji wifi

Leo nusura nimng'ate mtu, tena kwa jino bovu.

Nipo kliniki ya meno Mikocheni, gego langu la chini limekatika nusu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, kanisindikiza. Si unajua kwetu, ukienda hospitali peke yako utaonekana huna ndugu.

Daktari akanichoma ganzi. Mdomo wote ukafa.

Akachungulia, akasema jino lililobaki ni dogo. Akiziba tu, linaweza kupasuka tena. Akilivisha kofia ya kulifunika lote, litashika vizuri.

Halafu akageuka, akamuuliza WIFI.

"Tufanyeje, sista?"

Sista! Mgonjwa si ndo mie hapa, nimeachama kama kiboko?

Wifi hata hakufikiri. "Ziba tu dokta. La nyuma hilo, nani analiona?"

Jamani! Kwani mie natafunaga kwa macho ya watu?

Nikajaribu kukataa, yakatoka mate tu. Wifi akatafsiri: "Anasema sawa."

Hapo ndo nikamdaka daktari mkono. Nikajishika kichwa, nikamchorea kofia hewani mpaka akaelewa.

Jino limepimwa kofia. Wifi kanuna. Kaandika kwenye grupu la familia eti nimemdhalilisha mbele ya daktari.

Nyie semeni, nani kamdhalilisha mwenzie?

Jumamosi wifi anaenda saluni kusuka, na nitamsindikiza. Msusi akiuliza, nasema mie: nywele za kisogoni ziache hivyohivyo.

Za nyuma hizo, nani anaziona?