Bolti za roshani ya khalati zilisuguliwa kwa ndimu, lawama nikapewa mie

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe na nayaeleza kama yalivyokwenda. Hasira bado ninazo, mtanisamehe.

Khalati wangu, Bi Zuhura, dada wa mama, amepanga ghorofa ya pili Mji Mkongwe. Magoti yake yamechoka, ngazi hashuki tena. Roshani ndiyo baraza yake. Pale anateremsha kapu kwa kamba kununua mboga, pale anagombana na mtaa mzima.

Mie ni fundi wa kupaka vyuma madini, karakana yetu iko Amani. Bolti za roshani ile zilipooza kwa kutu, niliweka mpya nilizozipaka zinki na nikeli.

Kwa wasioijua kazi hii, ni rahisi tu. Chuma kinazamishwa kwenye beseni la maji ya dawa yenye madini hayo, unapitisha umeme, madini yanaganda juu ya chuma kama ngozi nyembamba mno. Chumvi ya bahari inaanza kuila zinki kabla haijafika kwenye chuma. Nikeli inafanya zinki iliwe polepole.

Ngozi hiyo haing'ai. Yangu ilikuwa ya kijivu, kama sufuria iliyozeeka. Shikeni hapo.

Sikukuu ilipokaribia, msimamizi wa nyumba alitaka ipendeze. Mnajua desturi yetu, njumu, ile misumari mikubwa ya shaba ya mlangoni, husuguliwa kwa ndimu na mchanga laini mpaka ziwake. Shaba inapenda. Basi vibarua walipomaliza mlango, akawapandisha juu wakasugue na bolti zangu, ati zimefubaa.

Ndimu ni asidi, wakuu. Inaila zinki. Na mchanga unamalizia.

Bolti zikang'aa Sikukuu ile. Miezi michache baadaye vichwa vyote vikawa vyekundu kwa kutu.

Msimamizi akautia kufuli mlango wa roshani. Akamwambia khalati, "Mtoto wako kakuwekea bolti za bandia, zitaua watu." Na mtaani akalitangaza hilo kila kibaraza.

Khalati akanipigia simu. "Mwanangu, mie nshakuwa kuku wa tenga."

Nikaenda.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba. Usigombane naye, bado nnakaa kwenye nyumba anayoisimamia."

Nikamwita msimamizi afungue. Nikaegemeza roshani kwa magogo kutoka chini, kisha nikafungua bolti moja mbele yake. Kichwa kimeoza. Sehemu iliyokuwa ndani ya boriti ni kijivu safi, kama siku niliyoitoa kwenye beseni.

"Bolti ni moja, imepakwa mara moja," nikamwambia. "Mbona imeoza upande mmoja?"

Akaigeuzageuza. "Labda kichwani hukupaka vizuri."

Khalati akadakia kutoka kitini. "Si wale uliowaleta na ndimu? Niliwaomba wanifutie na ubao, wakanambia wametumwa vyuma tu."

Msimamizi akaweka ufunguo juu ya meza, akashuka. Hakumwomba radhi. Na kinachoniuma zaidi, habari ya bolti za bandia aliitangaza mtaa mzima, ya ndimu hajamwambia mtu mpaka leo.

Nimeweka bolti nyengine. Khalati karudi na kapu lake.

Tafadhalini, chuma kilichopakwa zinki kifuteni kwa kitambaa na maji matamu, yasiyo na chumvi, basi. Ndimu, siki, ukwaju, mchanga, viacheni kwa shaba. Kufubaa kwa zinki si ugonjwa. Na fundi akilaumiwa, muulizeni kwanza kabla hamjamchafulia jina.

Juzi msimamizi alipita chini ya roshani. Khalati akamteremshia kapu, ndani mna ndimu moja.

"Ya mlango tu, bwana," akamwambia.

Haya, nanyi semeni, nani kashasugua geti lake kwa ndimu? Usione haya, uliza, nitakueleza kama bado linaokoleka.