Mwiko wangu wa ugali umefanya kazi zote uani, hadi hii ya juzi

Wakuu, juzi nilimwaga uji wa mwanangu chini mbele ya wapangaji wote, bakuli nikalitupa, nikauliza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Nani kautumia mwiko wangu leo?"

Haya, nawasalimu. Bado nina hasira, mtanivumilia. Ila ninachoandika nimekiona mwenyewe, sijasimuliwa.

Niko Kasulu, nyumba ya kupanga, uani tunatumia wote. Mwiko ni mkubwa, mpini mrefu, mama alinipa nilipoolewa kutoka Kibondo. Ugali wa muhogo usonge na kimwiko cha dukani uone mikono itakavyokufa ganzi.

Na huku mwiko haunyimwi. Mnyime jirani, habari itafika kanisani kabla yako.

Sasa ukaanza kuazimwa hata saa ambazo hakuna anayepika. Nikawa naufuatilia, udadisi tu.

Bi Zuwena, fundi cherehani wa chumba cha mbele, anaingiza mpini ndani ya mkono wa shati ndipo anapiga pasi. Mshono unalala safi. Nikajaribu kwa shati la mume wangu, nikakubali.

Dada wa chumba cha pili anapimia maji kwenye pipa. Mpini usipolowa mpaka nusu, anajua zamu ya kuchota imefika. Msimu wa maharage anapigia maganda makavu, punje zinatoka bila kupasuka.

Honestly nilifurahi. Multipurpose kuliko simu yangu.

Halafu akaja Baba Neema, jirani wa ukuta mmoja, analima nyanya.

Juzi nimeukuta mwiko umerudishwa, umeoshwa, unang'aa. Nikakoroga uji, nikapoza. Kijiko kiko karibu na mdomo wa mtoto, harufu ikanipiga.

Dawa ya kupulizia nyanya.

Baba Neema hata hakukataa. Eti ndoo ya dawa ina kina, vijiti vinavunjika, mwiko wangu ndio unafika chini. Akaongeza kwa upole kabisa, "Shemeji, mti ni mti. Nimeusuuza na sabuni."

Nikamuuliza kwa nini hakukorogea mwiko wa mke wake.

Mkewe alikuwa mlangoni anatusikiliza, akajibu yeye: "Wa kwetu tunaupikia."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba Baba Neema alijua sabuni haitoshi.

Mwenye nyumba nikampigia. Akasema mambo ya jikoni tumalizane wenyewe.

Nilichojifunza: mbao inakunywa. Chombo cha mti kikishagusa sumu hakirudi jikoni, hata ukikisugua na mchanga. Sasa na nyie semeni, mwiko mnautumia kwa kazi gani nyingine? Bado napenda kujua. Na kama kuna aliyekutwa na la kwangu, aseme aliishia wapi.

Mimi nimeishia ofisi ya mtaa. Mtendaji akacheka, "Mama, unamshtaki mtu kwa ajili ya mwiko?"

Nikauweka mezani, nikamwambia anuse.

Alinusa. Akaacha kucheka, akavuta karatasi.

Malalamiko yangu yameandikwa hivi na nimesaini: kwamba jirani amekoroga sumu ya shamba kwa chombo cha kupikia huku akijua, akakirudisha jikoni bila kusema; kwamba aitwe ajieleze; na kwamba dawa isichanganywe tena uani penye watoto.